Kikundi cha fukshia cha Kabale na vyungu vilivyogoma kuchanua

Wanachama waliniomba nisilitaje jina la kikundi, nami sioni hasara. Inatosha kujua kwamba kiko Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, kwamba kinapanda fukshia, na kwamba kuna msimu nusura kivunjike kwa sababu vyungu vyake vilijaa majani mabichi, mazuri, yenye afya, bila maua siku ya maonyesho. Niliitwa kama mtu wa kilimo nije niseme mwenye kosa ni nani. Walikuwa wameshamchagua tayari. Walitaka tu muhuri wangu.

Kikundi kilizaliwa mpakani. Februari 2019, Rwanda ilipofunga njia ya Katuna, akina mama waliokuwa wakiishi kwa kuvusha bidhaa walijikuta nyumbani, mikono mitupu. Mmoja wao alikuwa na kichaka cha fukshia nyuma ya jiko, kirefu kupita mtu, chenye maua mekundu membamba yanayoning'inia kwa mafungu. Hiyo ni Fuchsia boliviana, mmea wa milima ya Andes huko Peru na Bolivia, ambao Kabale umejiona uko nyumbani kabisa. Chozi huja kuyanyonya maua yake tangu alfajiri, na watoto hula matunda yake meusi bila kumwuliza mtu, wala hayawadhuru. Wateja wengi huyaita maua ya hereni. Akina mama wakaanza kukata vipandikizi, kuviotesha kwenye makopo ya rangi na madebe ya mafuta, na kuwauzia wapambaji wa harusi na wenye nyumba za wageni kando ya Ziwa Bunyonyi.

Kisha ikaja korona. Nyumba za wageni zikafungwa, harusi zikawa za watu wachache, mauzo yakafa. Walichofanya ni kuendelea kuotesha, kwa kuwa mmea hauna habari ya karantini. Mpaka ulipofunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022, kila mmoja alikuwa na vyungu tele uani. Baadhi walirudi Katuna kwenye biashara yao ya zamani, lakini hakuna aliyekiacha kikundi.

Vikao ni kwa Kiswahili, na sababu iko wazi ukiwatazama waliokaa. Wakiga ndio wengi. Mweka hazina ni Mfumbira wa Kisoro, kuna mama wa Bunagana upande wa Kongo, na mwenye ua mkubwa kuliko wote ni afande mstaafu kutoka Lango, kaskazini mwa Uganda, ambaye Kikiga chake hakijawahi kuvuka salamu. Daftari la kumbukumbu limeandikwa kwa Kiswahili cha kambini, kisichojali sana ngeli lakini kisichoacha shaka nani alisema nini. Lilinisaidia kuliko maelezo yote niliyopewa kwa mdomo.

Hukutana Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada. Kila mmoja huja na chungu kimoja na kipandikizi kimoja cha kubadilishana, halafu unapita mchango wa mzunguko. Nilikaa kikao kimoja kizima nikimtazama mama wa Bunagana akifundisha wageni. Huchukua ncha ya tawi changa yenye jozi tatu za majani, hukata kwa wembe chini kidogo ya kifundo, hung'oa jozi ya chini, kisha huchomeka kwenye mchanga mchanganyiko na mboji na kufunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Hana bomba la kunyunyizia. Hujaza maji mdomoni na kuyapuliza kuwa ukungu mwembamba, sawasawa, bila tone moja kubwa. Kwa wiki tatu hivi mizizi inakuwa imeshika.

Udongo wa vyunguni ni mboji, samadi ya mbuzi iliyooza vya kutosha, na changarawe nyeusi ya volkano inayoletwa kutoka Kisoro. Changarawe hiyo ndiyo siri yao kubwa. Fukshia inapenda unyevu, lakini mizizi ikikaa ndani ya maji huoza, na majani yake hunyauka vilevile kama ya mmea wenye kiu. Mwenye chungu akiona yamelegea, anaongeza maji. Nimeona fukshia nyingi zikiuawa kwa huruma ya namna hiyo.

Hali ya hewa nayo iko upande wao. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa sweta, na joto kali la mchana ni nadra. Aina nyingi za fukshia za porini, ambazo jumla yake ni kama 110, zinatoka kwenye misitu yenye ubaridi ya milima ya Amerika ya Kati na ya Kusini. Chache ni za New Zealand na Tahiti. Mtu wa Kampala anayetaka kuotesha fukshia hushindana na jua. Mtu wa Kabale hana vita hiyo, na ndiyo maana hakuna aliyefikiria kwamba tatizo lingeweza kutoka juu.

Tatizo liliingia ndani ya sanduku. Mwanachama mmoja ana binti aliyeolewa Uingereza. Binti alipokuja likizo alileta vipandikizi vimeviringishwa kwenye karatasi yenye unyevu: fukshia za chotara, zile zenye maua manene ya tabaka nyingi, sketi ya zambarau na mabawa meupe. Hakuna aliyekuwa ameona kitu cha aina hiyo Kabale. Pamoja na vipandikizi alileta kijitabu cha kanuni za maonyesho ya huko.

Kuhusu sanduku hilo, niseme kabla sijaendelea. Kuingiza mmea Uganda bila kibali na bila cheti cha afya ya mimea ni kosa kisheria, na sheria hiyo si ya kusumbua watu. Kuna utitiri mmoja mdogo usioonekana kwa macho, Aculops fuchsiae, unaovimbisha na kukunja ncha za fukshia mpaka zinafanana na kidonda. Ulitambuliwa Brazil miaka ya 1970, ukaonekana California mwaka 1981, na mwaka 2007 ukawa umeingia Uingereza. Unaposafiri mbali, mara nyingi ni ndani ya vipandikizi vya wapenda maua. Vile vya binti vilikuwa safi, nilivikagua kwa lenzi ncha moja baada ya nyingine. Ilikuwa bahati, na niliwaambia hivyo kikaoni kwa sauti ambayo mama mtu hakuipenda.

Kijitabu kilileta madhara zaidi kuliko vipandikizi. Kikundi kilikipokea kama katiba. Waliamua kufanya maonyesho yao Desemba, wakati wa harusi nyingi, na kugawa alama kama kinavyosema: umbo la mmea, usafi wa majani, na zaidi ya yote wingi wa maua yaliyofunguka. Mshindi angepewa nafasi ya kwanza ya kukopa kwenye mfuko wa kikundi. Hapo ndipo ua lilipogeuka kuwa fedha.

Katibu, kijana makini ajabu, alipewa kazi ya kusimamia ratiba. Kazi yenyewe ni ya kufinya ncha. Fukshia ikiachwa huenda juu kama mjeledi. Ukiifinya ncha kwa kucha, matawi mawili hutokea pale ulipofinya, ukifinya hayo yanakuwa manne, na mwisho unapata kichaka cha duara. Lakini kila unapofinya unaondoa mahali ambapo ua lingetokea. Kwa hiyo kuna siku ya kuacha. Wakuzaji wa Uingereza huacha kama siku 60 kabla ya maonyesho kwa maua ya tabaka moja, wiki kumi kwa yale ya tabaka nyingi, na zaidi ya hapo kwa baadhi ya aina. Katibu alihesabu kwenye kalenda, akapita nyumba kwa nyumba, akatangaza siku. Wote walitii.

Desemba ilipofika, meza zilijaa vichaka vya duara vilivyopendeza kwa umbo, vya kijani kitupu. Hapa na pale kulikuwa na kitufe kimoja au viwili vilivyochelewa. Ni vyungu viwili tu vilivyofurika maua, vyote vya afande.

Yaliyofuata yameandikwa daftarini kwa kurasa nyingi. Mmoja alisema mbolea ilikuwa ya majani, na katibu ndiye aliyeinunua. Shutuma hiyo haikuwa ya kijinga, kwa kuwa naitrojeni ikizidi mmea hukimbilia majani. Lakini siku hiyohiyo ikazaa nyingine: kwamba alinunua ya bei rahisi, chenji ikabaki mfukoni. Risiti alikuwa nayo. Ikasemwa risiti huandikwa. Mwingine alidai mama mwenye binti aliwauzia wenzake aina zisizochanua na kujiwekea zinazochanua, ingawa vyungu vyake mwenyewe vilikuwa vitupu kama vya wengine. Wa tatu alitaka kujua afande amepewa nini ambacho wao hawakupewa. Afande alijibu kwamba amepewa kile kile, akasimama, akachukua vyungu vyake na kuondoka. Katibu aliandika kikao chote mpaka mstari wa mwisho, pamoja na matusi dhidi yake, kisha akaandika kwamba anajiuzulu. Mwandiko haubadiliki popote.

Nilipofika niliomba kuona ua wa afande kwanza. Tulikwenda watu wachache, akiwemo mama mmoja mkimya ambaye kikaoni sikumsikia. Vile viwili vilivyofurika maua vilikuwa kwenye ngazi za baraza, karibu na ukuta. Vile vyungu vyake vingine vya chotara, vilivyokuwa nyuma ya nyumba karibu na banda la kuku, havikuwa na maua. Udongo ule ule, mbolea ile ile, mwenye kumwagilia yule yule. Hapo mbolea ilikwisha kutoka kwenye kesi.

Yule mama mkimya hakutazama vyungu. Alitazama juu.

"Afande, hii taa mnaizima saa ngapi?"

"Haizimwi, mama. Mimi nililinda kambi maisha yangu yote. Sasa taa inilinde mimi."

Yule mama akanyamaza kidogo, halafu akatueleza kwamba kabla ya kuolewa Kabale alifanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Entebbe. Mashamba hayo yalianza kandokando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadhi ni ya waridi, mengine hukuza krisanthemumu kwa ajili ya vipandikizi vinavyopelekwa Uholanzi. Kwenye nyumba za krisanthemumu, alisema, kazi mojawapo ya zamu ya usiku ilikuwa kuhakikisha taa zinawaka, kwa sababu zisipowaka mimea mama inatoa maua na vipandikizi vinaharibika.

Mweka hazina akacheka. "Sasa dada, kule taa inazuia maua. Hapa inayaleta?"

Ndiyo. Ni jambo moja lililogeuzwa upande. Mimea mingi hupima urefu wa usiku ili kujua majira. Krisanthemumu husubiri usiku mrefu ndipo itoe maua. Ukiukata usiku kwa mwanga, inaamini bado ni kiangazi na inaendelea na majani. Fukshia nyingi za chotara husubiri usiku mfupi. Aina iitwayo 'Lord Byron' imetumiwa sana na wanasayansi wa mimea kuchunguza tabia hiyo hasa. Zinataka mchana unaozidi saa 12, na zinapenda uzidi kwa kiasi cha kueleweka.

Kabale haina mchana wa namna hiyo. Mji uko kama digrii moja na robo kusini ya ikweta. Jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni, Januari kwa Desemba, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki dakika kumi. London mwezi Juni hupata zaidi ya saa 16 za mwanga. Kijitabu kile kiliandikwa na watu ambao mwanga huo wanao bure, kwa hiyo hakikuutaja. Kinahesabu siku 60 kana kwamba ni mmea peke yake unaohesabu.

Kwa nini basi kichaka cha nyuma ya jiko kilichanua tangu mwanzo? Kwa sababu asili yake ni ukanda wa joto, ambako mchana haubadiliki sana. Machotara ya Ulaya yalianza kukuzwa kwa wingi karne ya 19, na mzazi wao mkubwa ni Fuchsia magellanica, mmea wa kusini kabisa mwa Chile na Argentina, ambako kiangazi kina mchana mrefu. Ukoo ndio unaoamua. Na ajabu ni kwamba fukshia ya kwanza kabisa kuandikwa na Wazungu ilikuwa ya upande wa pili: Fuchsia triphylla, ambayo mtawa Mfaransa Charles Plumier aliikuta kisiwani Hispaniola na kuichapisha mwaka 1703, akaipa jina la tabibu Mjerumani Leonhart Fuchs aliyekufa mwaka 1566 bila kuiona. Uzao wake upo mpaka leo. 'Gartenmeister Bonstedt', iliyozalishwa Ujerumani mwaka 1905, huchanua bila kujali urefu wa mchana na huvumilia joto kuliko ndugu zake.

Sikutaka waniamini kwa sababu nimeongea sana. Tulichukua vyungu vya katibu, vyote vya kundi moja la vipandikizi, tukavigawa. Nusu viliwekwa chini ya taa ya baraza iliyowashwa saa nne usiku na kuzimwa saa nane. Nusu viliachwa gizani nyuma ya nyumba. Si lazima taa iwake usiku kucha. Kuukata usiku katikati kunatosha, kwa sababu mmea unapima giza lisilokatika. Mwanga wenyewe hauhitaji kuwa mkali, takriban ule unaokuwezesha kusoma gazeti bila kukaza macho. Taa za rangi ya manjano ni bora kuliko zile nyeupe za kubluu, kwa kuwa mmea hutumia sehemu nyekundu ya mwanga kufanya hesabu hiyo.

Mwenyekiti aliyependekeza kwanza kumfukuza katibu ndiye aliyepewa kazi ya kuwasha na kuzima. Wiki ya tano hivi vitufe vilianza kuonekana kwenye makwapa ya majani ya vyungu vya taa. Vya gizani viliendelea na majani, isipokuwa chungu kimoja chenye majani ya rangi ya damu ya mzee kwa chini na maua marefu ya rangi ya chungwa, kilichochanua huku kama wenzake wa kule. Kwa umbo na tabia ni wa ukoo wa triphylla. Kilikuja kwenye sanduku lile lile bila kibandiko, na mwenyewe alikuwa anakidharau kwa sababu maua yake hayana tabaka.

Gharama walikuwa wanaihofia bure. Taa ya wati 9 ikiwaka saa nne kila usiku inakula uniti moja na ushei kwa mwezi, na taa moja inatosha vyungu vinavyokaa ndani ya duara la mita moja hivi. Kwa mtu anayenunua uniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa simu hilo si jambo la kumnyima usingizi. Umeme ukikatika siku mbili tatu mfululizo mmea unarudi nyuma kidogo, haufi.

Katibu aliombwa msamaha kikaoni, na mweka hazina ndiye aliyelia. Ukatibu hakurudi kuushika. Anakata vipandikizi, anauza, anatoa mchango, lakini daftari sasa liko kwa mtu mwingine, na mwandiko mpya unasomeka kwa shida. Kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko vyungu vyote vilivyokosa maua. Kikundi kilikuwa na mtu wa kufuata maagizo kwa uaminifu na mama mwenye ujuzi uliohitajika, na utaratibu wao haukuwa na nafasi ya mmoja kumsikia mwingine. Yule mama alikuwa mwanachama tangu mwanzo. Hakuna aliyewahi kumwuliza alikotoka kabla ya Kabale.

Kanuni za maonyesho zimeandikwa upya. Maua bado yana alama, lakini vyungu vya taa vinashindana peke yao na vya mchana wa kawaida peke yao, na mkopo hauhusiani tena na ushindi. Kuhusu mimea mipya, wamekubaliana kununua kwa wauzaji waliosajiliwa na kudai karatasi za wizara ya kilimo. Mimi ningewashauri waache taa kabisa, wajikite kwenye boliviana na triphylla ambazo hazidai kitu, na nilisema hivyo. Afande na vijana wawili hawataki kusikia. Kwao ua la tabaka nyingi ndilo linalouzika.

Na kweli linauzika, ila limeleta malalamiko ya aina mpya. Mteja ananunua chungu kimefurika maua, anakipeleka nyumbani, miezi miwili baadaye anabaki na majani, anarudi kudai fedha. Sasa kabla ya kuuza chotara wanamwuliza mteja kama baraza lake lina taa inayowaka usiku. Nyumba za wageni za Bunyonyi karibu zote zinayo, na huko vyungu vinaendelea vizuri. Mwenye nyumba anayezima kila taa saa tatu ili kubana uniti wanamwuzia boliviana, kwa bei ndogo.